Konzi ya Udongo

Mwaka ule visubi waliingia kiwandani mwangu
wakakaa juu ya asumini kama wageni wasiojua kuaga.
Vyungu kumi na tisa, kimoja baada ya kimoja,
majani yakashika rangi ya karatasi ya kale.
Nikachimbua kwa kijiko cha chai:
chini, mabuu weupe, wembamba kama uzi wa kofia,
wanakula mizizi bila hata bismillahi.

Harusi ya Mkomani imebakiza miezi mitatu.
Vikuba mia mbili. Na arubuni nimeshaila.

Nikanunua dawa. Muuzaji wa Langoni
alisema inaua kila kitu,
akalitamka hilo "kila kitu" kama mtu anayesifia mali yake.
Kweli iliua. Siku nne vyungu vikanyamaza.
Ya tano visubi wakarudi na jamaa zao,
na safari hii hapakuwa na wa kuwauliza mwendako.

Shekuwe, mwana wa dada yangu, yuko likizo ya chuo cha kilimo.
Akautia udongo wangu chini ya lenzi.
"Khaloo, huu umekufa."
"Udongo una nini cha kufa?"
"Wenyewe wake. Utitiri."

Nikacheka. Utitiri mimi naujua:
ule wa banda la kuku, wa kujikuna hadi alfajiri,
ule mama aliokuwa akiumwagia majivu ya moto.
"Si huo," akasema. "Umma mzima tumeupa jina moja,
na jina lenyewe la matusi."
Kisha akaonyesha kwa kidevu, ukutani.

Nyuma ya ukuta ni kwa Mwanatumu, mwenye punda watatu
na lile fungu la samadi ambalo mimi
nililishitaki kwa chifu, kwa maneno nisiyoyarudia hapa.
Miezi kumi na mmoja hatusemezani.

Nilikwenda na bakuli, nimelifunika kawa
ili mtaa udhani nampelekea chakula.
"Nimekuja kuomba."
"Kuomba nini?"
"Kile nilichokishitaki."
Akanitazama. Akacheka mpaka leso ikamdondoka.
"Chota. Lakini chota cha chini, kilichoiva.
Cha juu bado kina hasira."

Usiku ule niliwaona.
Mmoja rangi ya kaimati iliyozidi moto,
mwingine mweupe, chembe ya sukari yenye miguu,
mmoja ana ngao mgongoni, imekatwa kati,
mwingine kajishika tumboni mwa mbawakawa,
abiria asiyelipa nauli, anangoja fungu jipya ashuke.
Macho hawana.
Miguu minane, lakini sita ndiyo ya kutembelea;
miwili ya mbele hupapasa giza
kama kidole kinachofuata mstari wa msahafu.
Ikagusa buu.
Buu akajipinda mara moja, akabaki ngozi.

"Na huyu ni nani?"
Shekuwe akafungua kitabu chake, akapekua, akakifunga.
"Huyu hayumo."

Utitiri wa maneno, husema watu. Utitiri wa madeni.
Aliyetangulia kuusema wingi hivyo
huenda naye aliwahi kuinama kama mimi,
akahesabu, akashindwa, akaona haya.

Nikatia konzi kila chungu, kwa kipimo cha chumvi.
Dawa nikairudisha dukani; muuzaji hakuipokea.
Iko bado juu ya rafu, imefungwa na kufungwa tena.

Sitasema yote yalipona. Vyungu vinane vilikwisha.
Vikuba vikatoka mia na ishirini, nikarudisha pesa za themanini,
na mama wa bibi harusi hajanisamehe mpaka leo.

Kikuba cha kwanza nilikipitisha juu ya ukuta.
Mwanatumu akakivuta puani, macho kayafumba.
"Harufu ya punda wangu hii," akasema.
Siku tatu hakukivua.